Je, Wajua? Kilomita za Kweli na Kilomita za Kompyuta

Kila mji una hesabu zake: nani anaishi karibu na soko, nani anatembea mbali, kiwanja kipi kinapanda bei na kipi kinabaki pori. Wanauchumi wa miji waliziandika hesabu hizo kama modeli, na sasa walimu wengi huzifundisha kwa uigaji wa kompyuta. Mwanafunzi anabadili nauli, mshahara au njia ya barabara, kisha anautazama mji ukijipanga upya kwenye kioo. Safari yetu leo inaanzia Mantapala, karibu na Ziwa Mweru.

Mantapala na mwambao wa Mweru

Je, wajua kwamba makazi ya Mantapala yalifunguliwa mwaka 2018 tu? Mwaka uliotangulia, maelfu ya Wakongo kutoka majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika walivuka mpaka wakikimbia mapigano, wakapokelewa katika kituo cha muda cha Kenani. Baadaye ikatengwa ardhi ya kudumu zaidi huko Mantapala, wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula nchini Zambia. Barabara, viwanja vya nyumba na mashamba vikapimwa mahali palipokuwa na miti.

Je, wajua kwa nini mahali kama hapo panawavutia wanauchumi wa miji? Mji mkongwe umebeba maamuzi ya vizazi vingi, na ni shida kujua lipi lilizaa lipi. Makazi mapya yanaonyesha maamuzi ya kwanza kabisa: soko likae wapi, nani apewe kiwanja kando ya barabara, kisima kiwe umbali gani na nyumba ya mwisho. Uigaji unaweza kuurudia mwanzo huo mara 100 kwa asubuhi moja, kila mara kwa kanuni nyingine.

Je, wajua kwamba Zambia ina makazi ya wakimbizi yenye umri wa zaidi ya nusu karne? Mayukwayukwa, magharibi mwa nchi, yalianzishwa mwaka 1966, na Meheba, kaskazini-magharibi, mwaka 1971. Yote mawili bado yana watu. Kwa hiyo mstari wa barabara uliochorwa haraka wakati wa dharura unaweza kuja kuwa barabara kuu ya wajukuu.

Je, wajua kwamba samaki wa Mweru na Luapula waliilisha Lubumbashi? Mji huo ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, kwa sababu ya shaba. Wachimbaji walihitaji kitoweo, na wafanyabiashara wa Kigiriki wakajenga biashara ya samaki Kasenga, kando ya mto Luapula, wakiwapeleka mjini kwa malori. Hapo ndipo penye hesabu ya kwanza ya uchumi wa miji: bei anayolipwa mvuvi ufukweni ni bei ya mjini ukitoa gharama ya njia.

Je, wajua kwamba umbali ndio unaoamua samaki aliwe mbichi au mkavu? Chisense, samaki wadogo wanaovuliwa Mweru usiku kwa taa, huanikwa juani. Akikauka, samaki hupungua uzito na haozi upesi, hivyo anavumilia safari ndefu na barabara mbovu. Mbichi huuzwa karibu, au humlazimu mchuuzi kununua barafu. Mwanafunzi anayeiweka barafu ndani ya modeli ataona soko la samaki mbichi likisogea mbali na ziwa.

Je, wajua kwamba modeli nzuri ya Kashikishi na Nchelenge, miji pacha ya ufukweni, lazima iwe na kalenda? Ziwa lina msimu wa kufungwa kwa uvuvi, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Fedha za samaki zikikatika, biashara nyingine za mjini nazo huguswa. Modeli yenye mwaka mmoja bapa, usio na misimu, haiwezi kumwonyesha mwanafunzi jambo hilo.

Hesabu ya umbali

Je, wajua kwamba modeli ya kwanza ya matumizi ya ardhi ilitungwa na mkulima? Johann Heinrich von Thünen, mwenye shamba la Tellow kaskazini mwa Ujerumani, alichapisha kitabu chake mwaka 1826. Aliwaza nchi tambarare yenye mji mmoja katikati, udongo ule ule kila mahali, na tofauti moja tu: umbali wa kwenda sokoni. Akaonyesha kwamba mazao yatajipanga kwa duara kuuzunguka mji.

Je, wajua kwamba unaweza kuzichora duara hizo kwa kalamu na karatasi? Chukua namba za darasani. Shamba la mboga linaleta faida ya kwacha 90 likiwa sokoni hapo hapo, na kila kilomita inakula kwacha 15, kwa kuwa mboga ni nzito na huharibika. Shamba la mihogo linaleta 60, na kila kilomita inakula 5. Hadi kilomita ya 3 mboga inashinda. Kuanzia hapo mihogo inashinda, hadi kilomita ya 12 ambapo faida inaisha. Ng'ambo ya hapo ni pori.

Je, wajua lami inafanya nini kwenye hesabu hiyo? Gawanya gharama ya usafiri kwa 2. Mpaka wa mboga unasogea hadi kilomita 6, na wa mihogo hadi 24. Umbali umeongezeka mara 2, lakini eneo la duara limeongezeka mara 4. Ndiyo maana kipande kifupi cha lami kinaweza kugeuza bei ya ardhi ya wilaya nzima, na ndiyo maana wenye habari hununua viwanja kabla greda halijafika.

Je, wajua kwamba mji wa kisasa ulielezwa kwa hesabu hiyo hiyo ya mboga na mihogo? William Alonso alichapisha modeli yake ya ardhi ya mjini mwaka 1964, kisha Edwin Mills na Richard Muth wakaiendeleza kabla muongo huo haujaisha. Badala ya mazao kuna familia, maduka na ofisi, na kila mmoja anashindania kuwa karibu na kazi. Anayekaa karibu analipa kodi kubwa kwa chumba kidogo. Anayekaa mbali anapata ua mpana na nauli ya kila siku.

Je, wajua kwamba modeli hiyo haihitaji kompyuta ya gharama? VisiCalc, lahajedwali ya kwanza kuuzwa kwa kompyuta ndogo, ilitoka mwaka 1979. Tangu hapo safu moja ya umbali, safu moja ya nauli na safu moja ya kodi zinatosha kuujenga mji. Badili namba moja juu, na zote chini zinafuata.

Je, wajua kwa nini wauza vocha hujikusanya mahali pamoja? Harold Hotelling alilieleza jambo hilo mwaka 1929. Wauzaji wawili wa bidhaa moja kwenye barabara moja, kila mmoja akitaka kumvuta mteja wa mwenzake, watasogeleana hadi wakutane katikati. Wakazi wa ncha mbili za barabara wangefaidika zaidi kama wauzaji wangetawanyika, lakini hakuna muuzaji anayetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Je, wajua kwamba barabara mpya inaweza kuwachelewesha wote? Mwanahisabati Mjerumani Dietrich Braess alilithibitisha mwaka 1968: kila dereva akichagua njia inayomfaa yeye, njia ya mkato inaweza kuvuta magari mengi hadi safari ya kila mtu ikarefuka. Kwa maneno, wanafunzi hubisha. Wakiliona kwenye uigaji, hurudi kukagua hesabu zao.

Mashine na michezo

Je, wajua kwamba uchumi uliwahi kuigwa kwa maji? Mwaka 1949 Bill Phillips, mzaliwa wa New Zealand, alionyesha katika chuo cha London School of Economics mashine ya matangi na mabomba. Maji yalikuwa fedha: yakitoka tangi moja ni kodi ya serikali, yakirudi ni matumizi, yakivuja ni bidhaa za nje. Benki kuu ya Guatemala ilinunua moja.

Je, wajua kwamba madiwani waliwahi kufunzwa mipango miji kwa mchezo? Miaka ya 1960 Richard Duke alitengeneza mchezo uitwao Metropolis kwa ajili ya mji wa Lansing, jimbo la Michigan nchini Marekani. Katika chuo cha Cornell, Allan Feldt akaunda mchezo wa matumizi ya ardhi, ambapo wachezaji hununua viwanja, hujenga na kugombania kodi. Kompyuta za wakati ule zilikuwa chache, na kazi kubwa ilifanyika mezani.

Je, wajua kwamba mchezo maarufu wa SimCity una deni kwa profesa wa uhandisi? Jay Forrester wa MIT alitoa mwaka 1969 kitabu cha modeli ya mji, baada ya mazungumzo marefu na John Collins, aliyekuwa meya wa Boston. Will Wright alikisoma alipokuwa akibuni SimCity, iliyotoka mwaka 1989. Wapinzani wa Forrester walionya jambo ambalo kila mwalimu hulirudia: kompyuta haina maoni yake, inatoa hitimisho lililofichwa ndani ya kanuni ulizoipa.

Je, wajua kwamba mji unaweza kujengwa na kobe? Lugha ya kompyuta ya Logo, iliyoundwa mwaka 1967 kwa ajili ya watoto, ilikuja kuwa na kobe anayechora mistari kwa amri. Kutoka ukoo huo ikazaliwa NetLogo, kazi ya Uri Wilensky, mwaka 1999. Ndani yake kobe wengi hutembea kwa wakati mmoja, kila mmoja na kanuni yake. NetLogo hutolewa bure, na ikishapakiwa haihitaji intaneti, jambo kubwa kwa shule iliyo mbali na mnara. Maktaba yake ina modeli za miji tayari, pamoja na ya mji unaotanuka ovyo pembezoni.

Je, wajua kwamba Thomas Schelling, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2005, aliigiza mji kwa sarafu juu ya ubao? Nawe jaribu. Chora chini miraba 8 kwa 8, utawanye punje za mahindi na maharage, uache miraba michache wazi. Kila punje inataka theluthi tu ya majirani wake wawe wa aina yake. Isiyoridhika inahamia mraba wazi. Baada ya mizunguko michache utaona mtaa wa mahindi na mtaa wa maharage. Kwenye NetLogo, wakazi wanaotaka asilimia 30 tu ya majirani wa aina yao huishia na asilimia 70 hivi. Hakuna aliyetaka kutengana kiasi hicho, lakini wametengana.

Miji yetu ndani ya modeli

Je, wajua kwamba modeli mojawapo maarufu zaidi duniani kuhusu uhamiaji wa mjini ilizaliwa kutokana na hali ya Kenya? John Harris na Michael Todaro waliichapisha mwaka 1970. Walikuwa na fumbo: kwa nini watu waliendelea kumiminika mjini ilhali kazi hazikuwapo? Jibu lao ni kwamba mhamiaji hapimi mshahara peke yake. Anauzidisha kwa bahati ya kuupata.

Je, wajua kwamba nafasi mpya za kazi zinaweza kuongeza wasio na kazi? Kijijini mtu anapata 50, mjini mshahara ni 100. Watu watakuja hadi bahati ya kupata kazi iwe nusu: kwa kazi 1,000, mji utakuwa na watafutaji 2,000, na 1,000 kati yao hawana kitu. Ongeza kazi 100. Watu watakuja hadi wafike 2,200, na wasio na kazi sasa ni 1,100. Kenya ililionja jambo hili mwaka 1964, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipokubaliana kuongeza ajira: asilimia 10 kwa kampuni binafsi na 15 kwa serikali. Habari zikasambaa, na watafutaji zaidi wakapanda basi.

Je, wajua kwamba Zambia iliwahi kuwashangaza walioamini kwamba miji hukua tu? Bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, na migodi ikadhoofika. Sensa ya 1980 ilihesabu karibu asilimia 40 ya Wazambia mijini; ya mwaka 2000 ikahesabu karibu 35. Modeli ya Harris na Todaro inalieleza vizuri: bahati ya kazi ikipungua, kijiji kinavuta.

Je, wajua kwamba miji ya Afrika ya Kati iliwapa wanasayansi darasa la mitandao ya watu? Taasisi ya Rhodes-Livingstone ilianzishwa mwaka 1937 katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Clyde Mitchell na wenzake walifuatilia nani anamjua nani katika miji ya migodi, na kitabu chao cha mwaka 1969 kuhusu mitandao ya kijamii mijini bado kinasomwa. Mjini mtu hupata kazi kupitia shemeji au mtu wa kwao, na modeli isiyo na shemeji inakosea.

Je, wajua kwamba matatu za Nairobi zilichorewa ramani na wanafunzi wenye simu mfukoni? Mradi wa Digital Matatus, uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani, ulitoa mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wakichora mitaa, nyumba na mifereji inayofurika. Ndipo darasa likaacha kuiga mji wa kufikirika na kuanza kuiga mtaa halisi wa jiji hilo, Tandale.

Je, wajua kwamba Sinza, mtaa mwingine wa Dar es Salaam, inasomwa na wachumi wa dunia? Miaka ya 1970 na 1980 Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja na kuchonga barabara kabla nyumba hazijajengwa, katika miji 7 ikiwemo Mbeya, Mwanza na Dar es Salaam. Miongo kadhaa baadaye watafiti walilinganisha mitaa hiyo na maeneo yaliyojengeka kwanza na kurekebishwa baadaye. Mitaa iliyotanguliwa na vipimo ilikuwa na nyumba bora na mpangilio ulionyooka. Funzo hilo linaihusu Mantapala moja kwa moja: kupima kabla ya kujenga ni rahisi, kubomoa baadaye ni ghali.

Wakimbizi ndani ya hesabu

Je, wajua kwamba kuna programu inayokisia wakimbizi wataelekea wapi? Watafiti wa Brunel University London walitoa mwaka 2017 uigaji uliofanyiwa majaribio kwa Burundi, Mali na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ndani yake barabara zina urefu, mipaka hufungwa na kufunguliwa, na kila mtu wa kompyuta huchagua njia. Baada ya siku 12 za mwanzo, ulikisia sawasawa mafikio ya angalau asilimia 75 ya wakimbizi.

Je, wajua kwamba wakimbizi wa Kongo walionyesha nguvu ya fedha taslimu? Mwaka 2016 Edward Taylor na wenzake walichapisha utafiti wa kambi tatu za Wakongo nchini Rwanda. Walizihoji familia na biashara ndani ya kambi na hadi kilomita 10 nje, kisha wakaiga uchumi wa eneo zima. Mkimbizi mtu mzima anayepokea fedha, kati ya dola 120 na 126 kwa mwaka, aliongeza kipato cha eneo lote kwa dola 205 hadi 253. Ananunua maharage kwa jirani, jirani anamlipa fundi, fundi ananunua sabuni. Msaada wa gunia la chakula kutoka nje ulikuwa na mzunguko mdogo zaidi.

Je, wajua kwamba Kakuma, kambi ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1992, ina soko la mamilioni? Ripoti ya mwaka 2018 ya IFC, tawi la Benki ya Dunia, ilikadiria matumizi ya wakazi wa kambi na mji wa jirani kuwa dola milioni 56 kwa mwaka. Jirani yake, Kalobeyei, ilifunguliwa mwaka 2016 ili wakimbizi na wenyeji Waturkana waishi na kufanya biashara pamoja, na UN-Habitat ikaichorea mpango wa mji. Mantapala nayo iliwekewa lengo hilo hilo la wakimbizi na wenyeji kutumia huduma pamoja.

Je, wajua kanuni moja ambayo vitabu vya uchumi wa miji huichukulia kuwa ipo daima? Ni kwamba mtu yuko huru kuhama. Zambia ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1969, iliweka sharti kuhusu kifungu cha 26, ikibaki na haki ya kumpangia mkimbizi mahali pa kuishi. Ndiyo maana anayetaka kutoka makazini kwenda kuuza au kutafuta kazi huhitaji kibali. Kwenye modeli, kibali ni gharama ya safari, nayo gharama ya safari ndiyo iliyopanga duara zote tulizoziona.

Jipime

*1. Nauli ikipungua kwa nusu, eneo linalolisha soko linakua mara ngapi?* Mara 4.

*2. Kazi 1,000, mshahara 100, kijijini 50: mjini watabaki wangapi bila kazi?* 1,000.

*3. Mzigo wa samaki unasafirishwa kwa kwacha 3 kwa kilomita. Mchuuzi anapoteza siku moja akisubiri kibali, na siku hiyo ina thamani ya kwacha 12. Makazi yake yamesogezwa mbali na ziwa kwa kilomita ngapi?* Kilomita 4, na kuzifuta hakuhitaji lami.